Kabila na Maumivu ya Tumbo kwa Wanawake wa Kampala

Mwaka 1966 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uganda na madaktari wawili, G. C. Cook na S. K. Kajubi. Walikuwa wakichunguza laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa ndani ya utumbo mwembamba, na walitaka kujua kama makabila ya Uganda yanatofautiana katika jambo hilo. Yalitofautiana sana. Baganda watu wazima karibu wote hawakuwa na kimeng'enya cha kutosha, ilhali wengi katika jamii za wafugaji, Bahima na Batutsi, walibaki nacho hata ukubwani. Mwaka uliofuata Cook alionyesha kwamba vichanga wa Kiganda huzaliwa nacho kama vichanga wengine, kisha hupungua wakiwa bado wadogo.

Nimeanza na maziwa kwa sababu hii ni mojawapo ya tofauti chache za kikabila za tumbo zilizothibitishwa kwa kipimo, na ilithibitishwa hapa hapa Uganda. Hata hivyo, mwanamke anayekwenda kliniki ya Kalerwe au Nakawa akilalamika tumbo kujaa gesi na kuunguruma anaweza kutolewa damu, kupimwa choo na mkojo, kupewa dawa za aina tatu na kurudi nyumbani bila mtu kumuuliza kama anakunywa chai ya maziwa kila asubuhi. Kabila lake limeandikwa kwenye fomu, na hakuna aliyelitumia kwa jambo moja ambalo lingeweza kusaidia.

Ugonjwa ninaouzungumzia madaktari huuita IBS. Ni utumbo unaofanya kazi vibaya bila kuwa na kidonda, uvimbe wala mdudu anayeonekana. Tumbo linasokota na kujaa. Choo kinakuwa kigumu kama cha mbuzi wiki hii, na wiki ijayo ni cha maji. Vigezo vinavyotumika sasa, vilivyoandikwa mwaka 2016 na jopo linalojulikana kwa jina la Roma, vinataka maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, dalili ziwe zilianza si chini ya miezi sita nyuma, na maumivu yahusiane na angalau mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya kwenda haja, na kubadilika kwa umbile la choo. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachouonyesha. Ushahidi karibu wote unatoka kinywani mwa mgonjwa.

Ndiyo maana swali la kabila lina uzito hapa kuliko katika malaria. Kijidudu cha malaria kinaonekana kwenye hadubini hata mgonjwa asiposema neno. IBS inategemea mwanamke ameyaonaje maumivu yake, ameyaita nini, amemwambia nani, na huyo aliyeambiwa amesikia nini. Katiba ya Uganda inaorodhesha jamii 65 za wenyeji, na karibu zote zina watu wake Kampala. Ukiongeza Wakongo wa Katwe, Wasomali wa Kisenyi, Wasudani Kusini na Wahindi, utaona kwamba muuguzi mmoja anaweza kusikia habari za tumbo kwa lugha sita kabla ya chakula cha mchana.

Kuhesabu wagonjwa wenyewe ni kazi ngumu. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulihoji zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33. Miongoni mwa waliojibu kwa intaneti, watu 4 hivi katika kila 100 walitimiza vigezo vya Roma. Miongoni mwa waliohojiwa ana kwa ana majumbani, hawakufika 2 katika kila 100. Kwenye majibu ya intaneti wanawake waliwazidi wanaume kwa mbali. Nchi zilizohojiwa kwa intaneti na zile zilizohojiwa majumbani kwa sehemu kubwa hazikuwa zile zile, kwa hiyo pengo hilo lina sababu nyingi. Lakini nadhani yeyote aliyewahi kukaa kwenye ukumbi wa nyumba yenye wakwe anaielewa mojawapo. Mwanamke aliye peke yake na simu yake anajibu swali la choo tofauti na yule anayeulizwa na mgeni huku shemeji akisikia. Kutoka Afrika walikuwamo Wamisri, Waafrika Kusini, Wanigeria na Waghana. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwamo, ingawa tangu mwaka 2002 G. N. Lule na E. O. Amayo walikuwa wamechapisha katika East African Medical Journal utafiti kuhusu IBS kwa Wakenya.

Hata ile kauli kwamba ni ugonjwa wa wanawake zaidi ina historia yake. Tafiti kadhaa za zamani za India ziliwakuta wanaume wengi kuliko wanawake. Wengine walidhani Wahindi wana utumbo wa namna nyingine. Maelezo yaliyo mepesi kuaminika ni kwamba tafiti hizo zilihesabu watu waliofika hospitali, na katika nyumba nyingi mwanamume ndiye aliyepata nauli na nafasi ya kwenda. Mtu akiniambia kwamba wanawake wa kabila fulani la Uganda hawaugui IBS, swali langu la kwanza litakuwa ni nani anayewalipia boda hadi kliniki.

Imani kwamba Mwafrika haugui utumbo wa aina hii ilikuzwa, kwa sehemu kubwa, Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alifika Uganda mwaka 1946 akaanzia Lira, kisha mwaka 1948 akahamia Kampala na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago hadi miaka ya 1960. Dunia inamkumbuka kwa saratani ya mataya ya watoto aliyoieleza mwaka 1958 na inayoitwa kwa jina lake. Baadaye, akichochewa na Hugh Trowell, daktari mwingine aliyetumikia Uganda miaka mingi na kuandika mwaka 1960 kitabu kuhusu magonjwa ya Afrika yasiyoambukiza, Burkitt aligeukia chakula. Makala yake ya mwaka 1972, aliyoiandika pamoja na Walker na Painter, ililinganisha choo cha watu wa sehemu mbalimbali. Chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa saa 36 hivi, na choo chao kilifikia karibu gramu 470 kwa siku. Kwa Waingereza kilichukua zaidi ya saa 70, na choo chao kilikuwa gramu 100 na ushei. Hitimisho lake lilikuwa kwamba nyuzinyuzi za chakula humkinga Mwafrika na magonjwa mengi ya utumbo.

Burkitt alikuwa sahihi kwa mengi, na watu wengi duniani wanakula vizuri zaidi kwa sababu yake. Kwa swali letu, hata hivyo, aliacha mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba habari zake nyingi zilitoka katika hospitali za misheni alizoziandikia barua, na hospitali hukumbuka kile inacholaza na kupasua. IBS haipasuliwi wala hailazwi. Mwanamke wa Masaka aliyesokotwa na tumbo mwaka 1960 alichuma majani machungu ya mululuza nyuma ya nyumba, akayatwanga, akanywa, akaendelea na jembe. Jina lake halikuingia kwenye daftari la wodi yoyote. Wa pili ni kwamba alimfanya mwanakijiji wa Uganda kuwa mtu mmoja, wakati Rukungiri, Soroti na Arua hazijawahi kula chungu kimoja.

Pumba za ngano zilizotokana na mafundisho hayo ziligeuka dawa ya kawaida ya IBS Ulaya. Mwaka 1994 Francis na Whorwell wa Manchester waliwauliza wagonjwa wao, na zaidi ya nusu walisema pumba ziliwazidishia maumivu. Kumwambia mwanamke wa Kampala mwenye IBS ale nyuzinyuzi zaidi, kwa jumla namna hiyo, ni ushauri uliopitwa na wakati, na bado unatolewa. Nyuzinyuzi laini, kama za isabgoli inayouzwa kwenye maduka ya Wahindi, huwafaa wengi. Pumba ngumu huwatesa.

Sasa tufike kwenye chungu chenyewe, maana hapa ndipo tofauti za kikabila zilipo wazi kuliko pengine popote. Muganda amelelewa kwa matooke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga. Mkiga na Munyankole wanajua kalo, ugali wa ulezi, na bushera iliyochachuka. Muhima anaongeza maziwa na eshabwe ya samli. Mwanamke wa Acholi au Lango ana mboga za malakwang na boo, na ufuta uliosagwa pamoja na karanga. Mteso ana atapa, ugali wake. Mgisu ana malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, wameonyesha tangu katikati ya miaka ya 2000 kwamba utumbo wenye IBS husumbuliwa hasa na sukari fupi zinazochachuka upesi ndani ya utumbo mpana: zile za vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage, maziwa na baadhi ya matunda, maembe yakiwamo. Ulezi, wali, viazi mviringo na karanga za kiasi huwa vipole. Ukiipitisha orodha hiyo juu ya vyungu vya Uganda utaona jambo ambalo sijasikia likisemwa kliniki: vyakula vingi vya asili ambavyo mwanamke ameviacha kijijini ni vipole kwa utumbo wake kuliko vile anavyovila mjini.

Maana Kampala ina kabila lake la chakula. Ni posho (ugali wa mahindi) na maharage mchana, chapati au rolex (chapati iliyoviringishwa na yai) jioni, chai ya maziwa na mandazi asubuhi, na kitunguu kwenye kila mchuzi. Binti wa Soroti na binti wa Kabale waliokaa bweni moja miaka sita wamekula posho na maharage yale yale kila siku ya Mungu. Mteso aliyeacha atapa akashika chapati hakubadilika damu, alibadilika sahani. Kama akianza kusumbuliwa na tumbo, mtu atakayeandika kwamba Wateso wa Kampala wana IBS kwa kiwango fulani atakuwa ameandika habari za bei ya ngano na mkaa chini ya kichwa cha habari cha kabila. (Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, sehemu ya sukari hizo huondoka na maji, na mkaa unaokolewa. Ushauri huo mdogo unafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki.)

Afrika Kusini na Marekani zilitoa ushahidi ulio wazi kabisa katika jambo hili. Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio ambamo Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Ndani ya muda mfupi kiasi hicho, bakteria wa utumbo, kemikali zao na hali ya ngozi ya ndani ya utumbo mpana vilielekea upande wa chakula kipya. Jaribio hilo lilihusu hatari ya saratani na si IBS. Lakini linatosha kumtahadharisha anayetaka kuweka tumbo kwenye ukoo kabla ya kuangalia sufuria.

Maziwa ndiyo yanayobaki kwenye ukoo, na hata hapo kabila ni kipimo kibovu. Sehemu kubwa ya maziwa yanayonywewa Kampala husafiri kwa magari ya tangi kutoka kusini magharibi, kwa watu ambao wengi matumbo yao yanayamudu, kuja kwenye mji ambao wengi hayayamudu. Wanawake wawili wa baraza moja wanakunywa chai ya birika moja. Mmoja yuko sawa hadi jioni, mwingine saa nne asubuhi anatafuta choo. Lakini fomu inayosema Munyankole haisemi kama mwanamke ni wa Bahima wafugaji au Bairu wakulima, na mama yake huenda ni Muganda na baba yake Mnyarwanda. Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba uwezo huo wa kumudu maziwa ulizuka Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo tofauti na ya Ulaya, ukienea pamoja na ufugaji. Unafuata historia ya ng'ombe wa ukoo fulani, ambayo jina la kabila halielezi kikamilifu. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kuacha maziwa mabichi na chai ya maziwa wiki mbili na kuangalia. Bbongo, maziwa yaliyoganda, huvumilika zaidi kwa sababu sukari yake imeshaliwa kwa sehemu. Na kukosa laktasi si IBS. Ni kitu kinachofanana nayo au kuizidisha, ndiyo maana hupaswa kuulizwa kwanza.

Ndani ya kabila kuna ukoo, na ukoo nao unakaa mezani. Muganda wa ukoo wa Mpindi hali kunde. Wa Butiko hali uyoga. Kwa kuwa mtu haoi ndani ya ukoo wake, mwanamke anaweza kuishi miaka yote akipika chungu asichokula yeye mwenyewe. Zamani, tena, mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala mayai. Mwiko huo umelegea sana lakini haujafutika kwa wazee. Mshauri wa lishe anayempa bibi wa Mengo karatasi inayosema ale mayai badala ya maharage amempa karatasi tu.

Kisha kuna jambo linalowaunganisha wanawake wa makabila yote, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Tumbo la mwanamke halihesabiwi kuwa la chakula. Mke kijana akisema tumbo linamuuma, nyumba nzima inawaza mimba. Mimba isipokuwapo, inawaza kizazi. Mwanamke wa pwani atataja chango, Muganda atataja enjoka, na majina yote mawili yanabeba maumivu ya hedhi, minyoo, kuharibika kwa mimba na utasa kwa pamoja. Dawa nazo zinafuata njia hiyo: mumbwa, ule udongo uliochanganywa na mitishamba ambao wajawazito wa Kiganda huuyeyusha na kuunywa, au chupa ya mizizi kutoka kwa wauza dawa wa soko la Owino. Wanaofikiri hivi hawajakosea kabisa. Imeonyeshwa mara nyingi kwamba dalili za IBS huzidi siku za hedhi, na homoni zina sehemu yake katika mwendo wa utumbo na ukali wa maumivu. Hatari inakuja pale kizazi kinapomeza maelezo yote. Mwanamke anapewa antibiotiki za nyonga mara kwa mara bila nafuu, na katika nchi zilizochunguza jambo hilo, wanawake wenye IBS wameonekana kuondolewa kizazi au kibofu cha nyongo zaidi ya wengine, wakati maumivu yalikuwa ya utumbo na yakabaki baada ya kisu.

Asiyepelekwa kwa kizazi anapelekwa kwa taifodi. Kampala ina sababu ya kuiogopa: kati ya Januari na Juni 2015 mlipuko wa homa ya matumbo ulikuwa na washukiwa zaidi ya 10,000, ukihusishwa na maji machafu na vinywaji vya kuuzwa mitaani. Lakini kipimo cha Widal kinachotumika katika kliniki nyingi ndogo hakiaminiki. Kinaweza kuonyesha taifodi kwa mtu aliyewahi kukutana na kijidudu hicho au hata ndugu zake zamani. Baada ya taifodi vinafuata vidonda vya tumbo, ambavyo watu wa mjini huviita alusa, na amiba. Kila jina lina dawa yake, kila dawa ina bei yake, na kila antibiotiki isiyohitajika inavuruga bakteria wa utumbo ule ule unaolalamika. Jambo la kusikitisha ni kwamba maambukizi ya kweli nayo huacha IBS nyuma yake. Baada ya kuhara kwa maambukizi, mtu 1 katika kila 10 hivi hubaki na utumbo uliovurugika kwa miezi au miaka, na wanawake wamo hatarini zaidi. Anayeishi Bwaise, ambako mafuriko huchanganya maji ya chooni na ya kisimani, ana nafasi nyingi zaidi za kuingia kwenye hesabu hiyo kuliko anayeishi Kololo, mtaa wa matajiri. Mtaa unafanya kazi ambayo tungedhani ni ya kabila. Ziwa pia: mwanamke wa Kialur aliyekulia kando ya Ziwa Albert anaweza kuwa na kichocho cha utumbo, ambacho kina dawa yake ya prazikwanteli na hakipaswi kuitwa IBS hata siku moja.

Kuna tofauti nyingine ambayo jina la kabila linaifupisha vibaya kuliko zote. Juu ya mlima wa Banda na Kireka kuna mtaa unaoitwa Acholi Quarter. Wengi wa wanawake wake walifika Kampala wakikimbia vita ya Lord's Resistance Army, iliyodumu kaskazini kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2006 na kuwasukuma kambini watu zaidi ya milioni 1.5. Wengine wamepata riziki kwa kuponda mawe kwa nyundo kwenye machimbo, wengine kwa kutengeneza shanga za karatasi. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba mtu mwenye majeraha ya nafsi yaliyotokana na vita au ukatili ana uwezekano wa IBS zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Na tangu mwaka 1990 Douglas Drossman na wenzake walionyesha, katika kliniki ya Marekani, jinsi wanawake wengi wenye maumivu ya tumbo yasiyo na chanzo walivyokuwa wamepitia ukatili wa kingono au wa kupigwa ambao madaktari wao hawakuujua. Kama siku moja utafiti utawakuta wanawake wa Acholi wa Kampala na IBS nyingi kuliko majirani zao Baganda, tafadhali mtu asiandike kwamba Waacholi wana utumbo dhaifu. Aandike mwaka waliotekwa, kambi waliyokaa, na nani walimzika.

Wanawake wa Kongo waliopanga vyumba Katwe na Nsambya wana historia ya jinsi hiyo, na juu yake wana shida ya lugha. Wanazungumza Kiswahili na Kifaransa mbele ya musawo, yaani mganga wa kliniki, anayezungumza Kiluganda na Kiingereza. Mara nyingi mkalimani ni mtoto wao aliyejifunza Kiluganda shuleni. Hakuna mama atakayemwambia mwanawe wa kiume wa miaka 12 habari ya choo chake, sembuse ya ubakaji. Anasema tumbo, anaonyesha kwa mkono, anapewa dawa ya minyoo. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu katika kliniki za mji huu, ningewaweka wanawake wenye Kiswahili kwenye dirisha la mapokezi kabla ya kununua mashine yoyote.

Wanaoondoka Uganda hawaachi suala hili kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe. Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, ambao maelfu yao walipokelewa Uingereza, walikaa kwa wingi Leicester. Huko madaktari walikuta, katika tafiti za mapema miaka ya 1990, kwamba wakazi wenye asili ya India walipata uvimbe wa vidonda vya utumbo mpana zaidi kuliko Wazungu wa mji huo. Ule ni ugonjwa mwingine, unaoonekana kwa kamera, lakini unafundisha kwamba damu ile ile ikihama mahali inaweza kuugua vingine. Mwanamke mweusi anayehamia Marekani naye anakutana na masikio mengine: mwaka 2016 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Virginia uliwakuta wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe, karibu nusu yao, wakiamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kama vile ngozi yake kuwa nene zaidi, na walioamini hivyo waliyapunguza maumivu yake.

Matibabu yapo, na mengine ni ya bei ndogo. Kuna dawa za kutuliza misokoto, kuna mafuta ya mnanaa, kuna kurekebisha chakula, kuna mazungumzo na mshauri. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kwamba amitriptilini ya kiwango kidogo huwasaidia wagonjwa wa IBS hata wakitibiwa na madaktari wa kawaida. Ni dawa ya zamani, nafuu, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini mwanamke akisoma kwenye simu kwamba ni dawa ya sonona ataona ameambiwa aende Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, na ataiacha siku hiyo hiyo. Daktari lazima aseme mapema kwamba dozi hii ndogo inatuliza mishipa ya fahamu ya utumbo, na kwamba anaamini maumivu ya mgonjwa ni ya kweli. Choo cha damu, kukonda, upungufu wa damu, maumivu yanayomwamsha usiku, au dalili zinazoanza katika umri mkubwa si IBS hadi vipimo viseme, hasa sasa ambapo rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, inaonyesha saratani ya utumbo mpana ikiongezeka katika mji ambao Burkitt aliiona ni nadra.

Utafiti ambao Kampala inauhitaji unaweza kufanywa na watu waliopo Makerere na Mulago leo. Uwafuate wanawake sokoni na nyumbani badala ya kuwangoja hospitali. Uwahoji kwa Kiluganda, Kiacholi, Runyankole-Rukiga, Ateso, Kisomali na Kiswahili, mwanamke kwa mwanamke, mlango ukiwa umefungwa. Uandike kabila, sawa, lakini kando yake uandike ukoo na asili ya wazazi wote wawili, alichokula jana, maji anayochota, siku zake za hedhi, choo anachotumia akiwa kazini na kama hulipia kuingia, alikoishi wakati wa vita, na dawa zote alizokwisha kununuliwa kwa ajili ya tumbo hilo. Kisha umpime laktasi.